Vunjajungu Ni Sisi

Mwanasha, mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa na swali moja lililonitoa jasho. Aliniuliza Gede, likizo ya Agosti, tukiwa mbele ya kabati la kioo. Mle ndani mna vipande vya vyombo vya Kichina, shanga, na vyuma vilivyoliwa na kutu. Alivitazama muda mrefu, akasoma alichoweza kusoma, kisha akanigeukia.

"Mjomba, na sisi kwetu, zamani hakukuwa na watu?"

Nilicheka. Ndiyo njia yetu sisi wakubwa tukishikwa pabaya. Nikamwambia walikuwepo, tena wengi.

"Sasa vitu vyao viko wapi?"

Nikaangalia saa. Nikasema haya, twendeni tukaone kisima.

Makala haya ni jibu nililotakiwa kumpa pale pale. Nimechelewa kulitoa, na kila nikilifikiria linanipandisha hasira, kwa hivyo nitalisema na hasira zake. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa pembeni. Zamani mali ilipita upande wake, mtoto wa dada ndiye mrithi. Siku hizi mambo yamebadilika, na mimi mwenyewe shamba la kumrithisha mtu sina. Lakini kama nimeshindwa hata kumwonyesha huyu mtoto kwamba kwao kulikuwa na watu, ujomba wangu ni wa nini?

Kwetu ni Kona ya Musa, kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga, karibu na Ukunda. Boda, vibanda vya chapati na maharagwe, makanga wakigombania begi lako kabla hujasema unakwenda wapi. Siku ile tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, watu watano: mimi, dada yangu, Mwanasha, mdogo wake Juma wa miaka sita, na Bibi, aliyekataa katakata kuachwa nyumbani. Matatu hadi Likoni. Feri. Matatu nyingine ya Malindi, tukapita Mtwapa, tukapita daraja la Kilifi, tukashuka Gede jua limeshakuwa kali. Nauli peke yake, kwenda na kurudi, ilikula zaidi ya shilingi elfu tano. Hapo sijahesabu kiingilio, wala maji, wala viazi karai ambavyo Juma alivililia kila tuliposimama. Sasa wewe niambie, yule mwendesha boda wa pale stendi, mwenye watoto wanne, atawapeleka lini?

Sisemi Gede haifai. Wallahi inafaa. Mji ulioanza karne ya 12 hivi, ukanawiri karne ya 15, ukabaki mahame karne ya 17, bado umesimama kule msituni na misikiti yake, visima vyake na nyumba zake za mawe. James Kirkman alianza kuuchimba 1948, na baadhi ya nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kwa hivyo ipo nyumba ya mkasi na ipo nyumba ya kauri. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Juma aliingia kila mlango mpaka tukampoteza mara mbili. Bibi aliinama kwenye kisima, akatazama chini, akatoa hukumu yake: "Huyu aliyechimba hapa alijua kazi."

Baadaye tukaenda kwenye vipepeo. Pale pale penye magofu upo Mradi wa Kipepeo, na nataka uujue kwa sababu hoja yangu yote inapita mle. Ulianzishwa 1993, wakati ambapo majirani wengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe, wagawiwe mashamba. Mradi haukuja na mahubiri, ulikuja na pesa. Mkulima anafuga vipepeo wa msituni, anawalisha viwavi majani, wakishageuka pupa anauza, na zile pupa zinasafirishwa ng'ambo zikiwa hai, hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Msitu ukikatwa, majani hakuna, vipepeo hakuna, pesa hakuna. Hesabu hiyo haihitaji kurudiwa mara mbili.

Mwanasha alikwama mle ndani. Kipepeo mmoja alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye ganda lake, mbawa zimelowa na kukunjamana kama nguo iliyokamuliwa, na mtoto hakutaka kuondoka mpaka zikunjuke. Juma alituliwa na mmoja juu ya kofia, akasimama wima kama askari, anaogopa hata kupumua. Na Bibi je? Bibi alikuwa kwenye viwavi, amevishika viuno vyake, anatikisa kichwa.

"Hawa si ndio wanaomaliza majani ya mlimau wangu? Ninaowaponda kila asubuhi?"

Tukamwambia ndio hao, au binamu zao.

"Kumbe wana bei!"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini kwenye matatu ya kurudi, watoto wamelala mapajani, nikaanza kuona kwamba swali la Mwanasha na mshangao wa Bibi ni kitu kimoja. Mtoto alidhani kwao hakuna vya kale kwa sababu hajawahi kuonyeshwa. Mzee alidhani kwake hakuna mdudu wa maana kwa sababu hajawahi kuambiwa. Huko Uingereza kuna mtoto amelipiwa tikiti aingie chumba chenye joto la kutengenezwa, amwone kipepeo wa aina ambayo huku kwetu tunamponda na kandambili akiwa bado kiwavi. Sisi nasi tulilipa matatu nne na kupanda feri kwenda kutazama vigae vya watu wengine, na tumekalia vyetu.

Ndiyo, tuna vyetu. Hili ndilo jibu, Mwanasha.

Mwaka 1966 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akakuta vigae vya vyungu. Midomo ya vyungu hivyo imepindwa kwa nje na kuchongwa michirizi, na mabegani vina mapambo ya mistari. Vipimo vikaonyesha ni vya karne ya 3 hivi. Maana yake, wakati jiwe la kwanza la Gede linawekwa, vyungu hivyo vilikuwa tayari na zaidi ya miaka 800 ardhini. Soper alichapisha matokeo yake 1967, na tangu hapo aina hiyo ya vyungu inajulikana duniani kwa jina moja: Kwale.

Hebu tulia hapo kidogo. Vyungu vya jamii hiyo vimepatikana Pare na Usambara, ng'ambo ya mpaka. Vya ukoo wake vimefuatwa kusini hadi Msumbiji. Wasomi wanavitumia kueleza safari ya wakulima na wafua chuma wa mwanzo, watu wanaohusishwa na lugha za Kibantu, kushuka kwenye mwambao huu. Mwanafunzi wa akiolojia aliye London au Dar es Salaam hawezi kumaliza somo la Afrika Mashariki bila kuandika neno Kwale kwenye mtihani. Na mtoto aliyezaliwa Kwale, anayesoma Kwale, ambaye babu zake wamezikwa Kwale, anauliza kama kwao zamani kulikuwa na watu.

Wewe huoni kama hii ni aibu? Mimi naona. Na siyo aibu ya mtoto.

Jina letu limesafiri duniani, chungu chenyewe hakijarudi nyumbani hata kwa matembezi. Nimekulia hapa, nimesoma hapa, na sijawahi kuingia chumba chochote cha kaunti hii nikaonyeshwa kigae kimoja nikaambiwa: hiki ndicho. Nilikisoma kwenye simu nikiwa na miaka ishirini na kitu, kwa bando la shilingi hamsini, kwa Kiingereza.

Na si chungu tu. Pale Kongo, mto unapoingia baharini Diani, kuna msikiti wa kale wa mawe ambao watu bado wanaswali ndani yake. Kinondo kuna kaya iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Ukiingia unafungwa kaniki, na hutoki na hata jani moja. Shimoni kuna mapango yanayokumbukwa kwa habari za watumwa. Vitu vipo. Kinachokosekana ni mahali pamoja ambapo mtoto wa darasa la nne anashikwa mkono na kuambiwa hadithi yote kwa mfululizo, kwa lugha yake, na kurudi nyumbani saa ya chakula cha mchana.

Sasa najua kuna mtu tayari ameshika simu aniandikie. Nimeshasikia hoja zenu zote, nyingine kutoka kwa rafiki zangu wa karibu, pale pale barazani.

Ya kwanza: "Kaunti haina maji, shule hazina madawati, wewe unataka makumbusho?" Hii inapigiwa makofi kila inaposemwa. Lakini angalia vizuri nani huambiwa asubiri. Hakuna anayesema tusijenge uwanja wa mpira mpaka maji yafike. Hakuna anayesema tusifungue kasino mpaka madawati yatimie. Tena kwa kasino hapo sikutaja ovyo. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha nne. Kinaorodhesha kazi za kaunti upande wa utamaduni na burudani: kamari, kasino, leseni za pombe, sinema, maktaba, makumbusho, michezo, fukwe. Zote zimo kwenye sentensi moja, zimepangwa kama abiria wa matatu moja. Diani kasino zipo. Baa zenye leseni, usiniulize. Makumbusho ndiyo ikawa ile abiria inayoambiwa ngoja inayofuata.

Wala siombi jumba la vioo. Mradi wa Kipepeo ulianza na wavu na wakulima. Chumba kimoja kikavu chenye mlango unaofungwa, kabati tatu, meza ya vigae vya kushikwa kwa mkono, na nje banda la wavu lenye mimea ya viwavi. Hiyo ni gharama ya kaunti nzima kweli? Bei ya gari moja la mheshimiwa inaweza kujenga na chenji ikabaki.

Ya pili: "Vitu vya thamani vikiletwa huku vitaibiwa au vitaoza. Acha vikae Nairobi penye wataalamu." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu naijua sauti yake. Ni sauti ile ile tunayoisikia tukidai vyetu vilivyo ng'ambo. Kila mwaka vijana wenzangu mtandaoni mnawaka moto kuhusu wale simba wawili wa Tsavo, waliouawa 1898, ambao wamekauka ndani ya Field Museum kule Chicago. Mnasema warudishwe, na mimi nabonyeza moyo. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha Kenya vigango 30, zile nguzo za ukumbusho wa wafu ambazo ndugu zetu Wamijikenda wa kaskazini walisimamishia wazee wao na wezi wakaziuza. Tukashangilia, na ilistahili. Lakini tulipomwambia Mmarekani kwamba kitu kinaongea vizuri zaidi kikiwa kwao, tulimaanisha kwao wapi? Uwanja wa ndege wa Nairobi?

Ukoloni ukifanywa na mzungu tunauita wizi. Ukifanywa na mji mkuu tunauita utaratibu.

Sheria naijua. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inaweka mambo ya kale mikononi mwa serikali, na kwa kweli sina ugomvi nayo. Bila hiyo tungeshauza kila kitu, kaburi moja moja. Lakini kumiliki ni kitu kimoja, kuficha ni kingine. Makumbusho duniani kote zinaazimana vitu. Kigae si dhahabu. Mwizi akiiba kigae atakiuza wapi, gengeni? Tena uchimbaji mmoja hutoa vigae kwa mifuko, na vingi huishia kwenye maboksi. Vikikosa kuja vyenyewe, basi zije nakala, zifinyangwe na akina mama wa huku huku ambao mikono yao bado inakumbuka udongo. Nakala nzuri iliyo mkononi mwa mtoto inafundisha kuliko kitu halisi kilicho kwenye boksi kilomita mia tano kutoka kwao.

Ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: "Hayo ni mambo ya mizimu. Tusiwarudishe watoto kwenye ushirikina." Nawaheshimu wanaosema hivi, wengine ni wazee wangu na ninaswali nyuma yao. Lakini chungu cha kupikia si mzimu. Kipepeo si mzimu. Kujua kwamba kabla yako walikuwepo watu waliolima, waliopika na waliozika watoto wao hakumtoi mtu kwenye dini yake. Kule Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, walipatikana mabaki ya mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa kwa uangalifu, miguu imekunjwa. Habari ilitangazwa 2021, na ndiyo mazishi ya kale zaidi yanayojulikana Afrika. Wataalamu wakampa jina la Kiswahili: Mtoto. Mzazi gani, wa dini gani, atasikia habari hiyo asinyamaze kidogo? Hapo mzimu uko wapi? Hapo kuna mama na msiba.

Na tukiwa kwenye kaya, tuseme ukweli. Wale wazee tuliowacheka kwa kaniki zao ndio waliotuachia msitu uliobaki Diani. Mahali walipokosa nguvu, tuliona kilichotokea. Kisiwa cha Chale, kaya ya vizazi na vizazi, kilijengewa hoteli miaka ya 1990. Leo nyani, vipepeo na nyuki wanaojificha Kinondo wanajificha chini ya imani ya watu walioitwa washamba. Makumbusho ninayotaka haiji kuwapiga picha wazee hao. Inakuja kuwapa kiti, wawe walimu.

Ya nne ni yetu sisi vijana: "Mtoto ana simu, ataona kila kitu YouTube." Basi chukua simu, mwonyeshe mtoto video ya kipepeo anayetoka kwenye ganda. Atatazama sekunde saba, atapitisha kidole. Mwanasha alisimama mbele ya yule wa kweli mpaka mama yake akakasirika. Simu haikuzuii kuondoka. Kitu chenye uhai kinakuzuia, kwa sababu hujui kitafanya nini. Vivyo hivyo kigae. Ukikishika unaona kidole cha mfinyanzi kilipopita. Weka kidole chako pale pale, uone kama hakiingii. Hakuna kioo cha simu kitakachokupa hilo.

Nimesema "makumbusho" mara nyingi, na huenda unaona picha ya jengo la kimya lenye askari na kibao cha usiguse. Hiyo siitaki. Nikiulizwa na kaunti nitasema hivi, na niko tayari kuulizwa.

Iwe mahali ambapo matatu inafika. Vigae vya Kwale viwepo, vya kuazima au vya nakala, na pembeni yake chungu na mtungi wa bibi zetu wa jana, mtoto aone mstari ulivyotembea kutoka karne ya 3 hadi jikoni kwao. Nje pawe na wadudu walio hai: vipepeo, vunjajungu, nyuki wasiouma, kichuguu cha mchwa. Jongoo naye aje, ingawa kwa sayansi si mdudu, na hilo lenyewe ni somo zuri, hesabu miguu. Wanaowafuga wawe majirani wa misitu, Kinondo na ukingoni mwa Shimba Hills, na walipwe. Siyo kwa ahadi. Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje mwaka 2016, wafugaji wa vipepeo wa Amani walijikuta soko limekatika. Funzo ni kwamba ukimtegemea mnunuzi wa ng'ambo peke yake, saini moja inakumaliza. Shule zetu wenyewe ziwe mteja wa kwanza. Maandishi yawe kwa Kiswahili, Chidigo na Chiduruma, Kiingereza kije nyuma. Na mtoto wa shule wa kaunti hii asilipe hata ndururu.

Mtalii? Karibu sana, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini asiwe yeye tuliyemjengea. Hapa ndipo tunapokosea kila mara. Mtu akitaja urithi Pwani, anayefuata anataja watalii, kana kwamba babu zetu walifinyanga vyungu wakisubiri ndege ya moja kwa moja kutoka Ujerumani. Ukijenga kwa ajili ya mgeni, corona ikija unafunga. Ukijenga kwa ajili ya mwenyeji, mgeni atakuja mwenyewe kuona wenyeji wanakimbilia nini.

Mchanga wetu ulichimbwa hapa hadi mwisho wa 2024, ukapakiwa melini kwenda mbali, na tulijifunza kuuliza maswali mazuri: tani ngapi, mrabaha kiasi gani, nani anapata nini. Mzee asiyejua kusoma aliuliza mrabaha barazani. Basi tunaweza kuuliza na hili. Vilivyotolewa ardhini mwetu mwaka 1966 viko wapi, na watoto wetu wataviona lini?

Tulifika nyumbani usiku. Bibi alikuwa anavua viatu, Mwanasha akaona kitu ukutani karibu na taa. Vunjajungu, wa kijani, mrefu, amekunja mikono kama anayeomba dua. Mtoto aliyekuwa amesinzia njia nzima akaamka ghafla, akanyoosha mkono.

"Usimshike huyo," Bibi akasema. "Utavunja chungu."

Ni imani ya zamani, ndiyo asili ya jina lake. Ukimgusa, chombo cha kwanza utakachoshika kitavunjika. Bibi aliambiwa na bibi yake.

Mwanasha akageuka. "Chungu gani, Bibi? Sisi tuna sufuria."

Dada yangu alicheka. Bibi pia. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshacheka vya kutosha siku ile. Bibi mwenyewe alikua akichota maji kwa mtungi. Kabla yake kulikuwa na mtungi, na kabla ya huo kulikuwa na chungu, nyuma hadi miaka 1,700, na hapa, mbele ya macho yangu, mnyororo umekatika kwa mtoto wa miaka tisa. Mdudu hana kosa. Hajawahi kuvunja hata kimoja. Aliyekosa kumwonyesha mtoto chungu ndiye aliyekivunja, na huyo ni mimi, na ni wewe, na ni kila aliyewahi kukaa kiti cha uamuzi katika kaunti hii akaona kipengele cha nne kinaishia kwenye kasino.

Kwa hivyo, kabla hujapitisha kidole. Kila mwaka kaunti inatakiwa kupeleka Mpango wake wa Maendeleo wa Mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na karatasi ya mwelekeo wa bajeti kabla ya 28 Februari. Kabla ya hapo wananchi lazima waulizwe, ni haki yako kikatiba. Vikao hivyo huwa na viti vitupu, na wanaokuja ni wale wale. Nenda. Andika kwa karatasi, kwa Kiswahili, mistari mitatu inatosha: tunataka chumba cha chungu cha Kwale, tunataka banda la wadudu hai, tunataka mtoto aingie bure. Chukua na nakala iliyopigwa muhuri, maana karatasi za watu wadogo zina miguu.

Mimi nitakuwepo. Bibi amesema atakuja na kiwavi kwenye kopo, aulize bei.